Kigugumizi cha Fundi Koili

Ukimpelekea Fundi Koili feni iliyoungua, alikuwa haulizi maneno mengi. Aliipokea, akaigeuzageuza, akainusa, maana mota iliyoungua ina harufu yake kama nywele zilizochanganywa na sukari zikatiwa motoni, kisha akakuinulia vidole. Viwili ni siku mbili, vitatu ni siku tatu. Waliomjua walishukuru wakaenda zao. Wasiomjua walimuuliza maswali, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu Fundi Koili alikuwa na kigugumizi.

Hakikuwa kile cha kujikwaa kidogo na kuendelea. Kilikuwa cha kuziba njia kabisa. Maneno yanayoanzia midomoni, yenye m, p na b, yalimkaba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na jicho la kushoto likafumba. Wateja walitazama pembeni. Wengine walimmalizia sentensi, tena waliimalizia vibaya, naye akakubali tu kwa kichwa ili yaishe. Kuna mwanamke aliyeondoka na pampu isiyo yake kwa namna hiyo.

Lakini mikono yake haikuwa na kigugumizi. Alichana nyaya zilizoungua kwa patasi, akahesabu mizunguko, akakata karatasi ya kuzuia umeme, akasuka waya mpya wa shaba tundu kwa tundu, akaufunga kwa uzi na kuupaka vanishi. Mota zake zilikaa miaka. Katika mtaa ule wa karakana yeye ndiye alikuwa fundi mwanamke pekee, na mafundi wanaume waliomcheka mchana walimletea kazi zao ngumu jioni kwa mlango wa nyuma.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa fundi viatu, mzee mwenye redio iliyofungwa kwa mpira. Huyo ndiye mtu pekee aliyejua kumsubiri. Akimuuliza jambo, aliinamisha kichwa akaendelea kushona soli mpaka jibu lije lenyewe, hata likichelewa kama kuku mgeni kutaga. "Mimi sina haraka, fundi," alimwambia siku moja. "Wenye viatu ndio wenye haraka."

Kwao walizaliwa wawili, yeye na mdogo wake wa kiume waliyemwita Radi kwa jinsi alivyolia siku aliyozaliwa. Baba yao alipuliza tarumbeta katika bendi ya gwaride ya shirika la reli, na nyumbani alikuwa na sanduku la santuri za dansi la zamani, zile ambazo gitaa tatu zinaongea kama wake wenza, kila moja ikimsema mwenzake. Baba alizitia sindano kila Jumapili mchana, akawakalisha watoto sakafuni, akauliza: "Gitaa la pili linasema nini?" Radi alikuwa anabahatisha. Dada yake aliliimba lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja.

Maana huo ndio ulikuwa mwujiza wake. Akisema, alikwama. Akiimba, maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Mama yao hakuuona kuwa mwujiza. Aliuona kuwa ukaidi. "Kumbe unaweza! Sasa kwa nini unatuchosha?" alikuwa akimwambia mbele ya wageni, na binti alipofungua mdomo ajitetee, mama akageukia upande wa pili: "Haya, Radi, niambie wewe dadako anataka nini."

Muziki wa metali, ule wa gitaa za kunguruma na mayowe, uliingia maishani mwao kwa mlango wa karakana. Mteja mmoja aliacha redio kaseti itengenezwe, asirudi tena, na ndani yake mlikuwa na kanda ya bendi ya ng'ambo isiyo hata na jina juu yake. Dada mtu alipoijaribisha, gitaa zilinguruma kama mota iliyokufa beringi. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, safari hii bila kucheka. Mwimbaji alikuwa anapiga kelele za mtu aliyebanwa na mlango, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alimwita mdogo wake. Kwa kuimba, si kwa kusema, alimwonyesha: hapa chini pana gitaa lililolegezwa nyuzi, hapa pana ngoma zinazokimbia kama cherehani, na ukizipunguza mwendo, huku juu unaweza kuweka gitaa la pili la baba na tarumbeta za gwaride. Radi alikuwa na miaka kumi na tisa na gitaa bovu. Macho yalimtoka. Dada aliisuka upya transfoma ya amplifaya yao, akaongeza mizunguko michache pasipotakiwa, na ile amplifaya ikatoa mkoromo ambao hakuna bendi nyingine mjini iliyokuwa nao. Bendi wakaiita Kutu. Radi gitaa, rafiki zake wawili besi na ngoma, na Fundi Koili mwimbaji.

Mwaka mmoja ndio aliodumu. Onyesho lao la kwanza kubwa lilikuwa mchana, katika ukumbi wa shule. Waliimba nyimbo mbili, watu wakasimama juu ya viti. Halafu uzi wa gitaa la Radi ukakatika, na wakati anaubadilisha, watu wakamtazama mwimbaji wakisubiri awasemeshe. Akasogea kwenye maiki. Akataka kusema "Marafiki". Ikatoka m, m, m, na jicho likafumba. Kwanza akacheka mmoja, kisha safu nzima. Radi aliinuka, akamtoa maiki mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema, "Msameheni, mashine hii inahitaji grisi!" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Wiki iliyofuata alikwenda mazoezini akakuta kijana mwingine ameshika maiki.

"Dada, usinielewe vibaya," Radi alimwambia wakiwa nje ukutani. "Sauti unayo. Ila mwimbaji lazima aongee na watu. Wewe utatusaidia kwenye vyombo. Kila mtu na kipaji chake."

Alitaka kumjibu. Alipokuwa bado kwenye neno la kwanza, Radi alimpiga bega kidogo, akaingia ndani.

Akabaki mtu wa vyombo. Alitengeneza waya zao, akawabebea maboksi, akakaa nyuma ya pazia na bisibisi mfukoni. Ukimuuliza kwa nini, asingeweza kukwambia. Lakini fundi viatu alijua, kwa sababu alimsikia kupitia ukutani, akiwa peke yake na mota zake, akiimba nyimbo zote za Kutu pamoja na vipande vya gitaa.

Kisha baba akafa. Figo zilimmaliza kwa miezi minne, na katika miezi hiyo aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni binti, kwa kuwa Radi alikuwa na mazoezi na mama alisema mgongo unamuuma. Siku ya maziko, mkubwa wa watoto ndiye aliyetakiwa kutoa shukrani. Wajomba walipendekeza aseme Radi. Binti akakataa kwa kichwa. Akasimama mwenyewe kando ya udongo mwekundu, mbele ya watu mia mbili na jua la saa saba.

Neno alilotaka kuanza nalo lilikuwa "Baba".

Fikiria uchungu wake. Neno lenyewe ni b mbili. Akasema ba-ba-ba-ba-ba-ba-ba, akakata pumzi, kimya, kisha ba-ba-ba. Akarudia. Saba, kimya, tatu. Saba, kimya, tatu. Watu waliinamisha nyuso. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Anaita kondoo?" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na baba mwenyewe yuko palepale chini ya miguu yake, hasikii. Mwishowe mama alimvuta gauni kwa nguvu mpaka likachanika begani. "Kaa chini! Hata leo utuaibishe?" Akakaa chini. Radi, aliyekuwa amesimama upande wa pili na simu mkononi akiwarekodia ndugu walio mbali, alimalizia shukrani kwa maneno matamu, watu wakamsifu.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja Fundi Koili alikuwa anapaka vanishi mota ya pampu, akasikia nyundo ya fundi viatu ikigonga soli ukutani. Mzee huyo siku zote alikuwa anagonga ovyo. Siku hiyo aligonga mara saba, akatulia, akagonga mara tatu. Mara saba, kimya, mara tatu.

Brashi ilimdondoka. Akatoka, akazunguka mpaka mlangoni kwa mzee. Redio ilikuwa wazi. Ngoma zilikuwa zinapiga saba, zinanyamaza, zinapiga tatu. Gitaa likiufuata mpigo huohuo kwa mkoromo anaoujua kwa sababu aliusuka kwa mikono yake. Na juu ya vyote, ikiwa imekatwakatwa na kurudiwarudiwa, sauti ya mwanamke: ba-ba-ba-ba-ba-ba-ba. Nyuma yake, kwa mbali, ulisikika hata upepo wa makaburini.

"Karibu, fundi!" mzee alisema kwa furaha, nyundo hewani. "Unawasikia vijana wetu? Hawa si ndio wa mdogo wako? Sijui wamefanyaje, lakini huu wimbo unaingia mkononi wenyewe."

Wimbo ulipoisha, mtangazaji akamkaribisha Radi studio. Albamu yao mpya iliitwa Ba. Ilikuwa inapigwa kila mahali. Mtangazaji akamuuliza wameutoa wapi muziki wa aina ile, na Radi, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, akaanza kueleza. Alisema alikulia kwenye dansi la zamani, lile la gitaa tatu, na kwamba utotoni alikuwa anakaa sakafuni akilisikiliza gitaa la pili. Akasema alichukua tarumbeta za gwaride akazipunguza mwendo. Akasema siku moja aliokota kanda ya metali isiyo na jina, akajua hapohapo maisha yake yamebadilika.

"Na ile sauti ya kike?" mtangazaji akauliza. "Watu wanasema ni mashine."

Radi akacheka. "Tuseme hivyo. Ni mashine mbovu niliyoikuta mahali. Wengine walisikia ubovu, mimi nikasikia mdundo."

Fundi viatu alimtazama jirani yake, akaitazama redio, na taratibu akaiweka nyundo chini.

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, Fundi Koili alikwenda kwa mama. Akawakuta wote wawili mezani wanakula. Kwenye ukuta ambapo palikuwa na picha ya baba na tarumbeta yake palikuwa pametundikwa bango la albamu: herufi mbili nyeupe juu ya weusi.

"Dada!" Radi aliinuka kumkumbatia. "Umesikia? Nilitaka iwe mshangao."

Alibaki wima. Alitaka kusema, "Itoe sauti yangu." Maneno hayo yalimchukua muda mrefu, kwa sababu hasira nayo ilimkaba.

"Niitoe?" Radi aliketi tena. "Dada, hebu tulia ufikiri. Maisha yako yote watu wamekucheka. Mimi nimekuchukua jinsi ulivyo nikakuweka mbele ya watu. Sasa wanakupigia makofi. Hiyo si heshima?"

"Nili... nili... nilikuwa nam... nam... namlilia b... ba..."

Alipokuwa anapigana na neno lile, aliona kitu. Kidole cha mdogo wake kilikuwa kinagonga meza kinyemela kufuata mpigo. Na mkono wa pili ulikuwa umeisogeza simu karibu na sahani, kioo kikiwa kinawaka, mstari mwekundu ukicheza juu na chini kila alipotoa sauti.

Akanyamaza. Mstari ukalala.

"Endelea," Radi alimwambia kwa upole. Upole ule ndio uliomuua. "Hapo ulipofikia ni pazuri sana."

Mama alikuwa anamenya chungwa. "Wewe siku zote una wivu na mwenzio," alisema bila kuinua uso. "Mungu kakunyima ulimi, basi tumia ulichopewa kumwinua ndugu yako. Baba yenu angefurahi."

Baada ya hapo mtaa ulimshika. Watu walishaijua siri, maana siri ya karakana haina mlango. Vijana wa kuchomelea mageti walimpokea asubuhi kwa kugonga vyuma, saba na tatu. Wateja walileta feni nzima, hazina kasoro, ili wamuulize swali na kusikia. Baba mmoja alikuja na watoto wake wawili wamevaa fulana za Kutu. "Mwambieni mama shikamoo," aliwaambia, na fundi alipojaribu kuitika, watoto walirukaruka kwa furaha. "Ni yeye! Ni yeye kweli!" Fundi Koili alianza kuandika majibu kwenye kipande cha boksi. Watu wakanuna, wakasema umaarufu umempanda kichwani.

Jumamosi moja, Kutu walipanga onyesho katika uwanja wa mpira, kuanzia saa nane mchana. Saa nne asubuhi amplifaya ya Radi ikatoa moshi. Mpiga ngoma ndiye aliyetumwa, akaja mbio karakanani. "Transfoma imeungua, dada. Watu wameanza kuingia. Bila wewe hakuna onyesho."

Angeweza kukataa. Fundi viatu, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alimtikisia kichwa: usiende. Akachukua begi la vifaa akaenda. Alikwenda kwa sababu mota, transfoma na koili ndivyo vitu pekee duniani vilivyokuwa havijamtendea ubaya. Lakini pia alikuwa na jambo. Aliisuka ile transfoma nyuma ya jukwaa kwa saa tatu bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza hakuondoka. Alikaa juu ya boksi, akafunika uso kwa viganja, akayapanga maneno. Hakutaka kuyaimba. Kuimba angeweza, tena vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Ila alijua akiimba utakuwa wimbo tu, na kesho watauuza.

Wimbo wa saba na tatu ulipofika katikati, alitoka nyuma ya pazia akiwa na ovaroli yenye madoa ya vanishi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye maiki. Kijana mwimbaji akampisha kwa mshangao. Vyombo vikanyamaza. Uwanja, watu elfu kadhaa, ukanyamaza. Safu ya mbele kwenye kiti alikuwepo mama, na miwani ya jua.

Alitaka kusema: Baba yangu alikuwa amekufa, na hii ni sauti yangu nikimuaga, acheni.

Akafungua mdomo.

"Ba..."

Uwanja ulilipuka. Maelfu ya watu walimjibu kwa pamoja: ba-ba-ba-ba-ba-ba! Mpiga ngoma akadaka. Radi akadaka. Yeye akaendelea kusukuma, jicho limefumba, shingo imevimba, na kila alipokwama wao walikwama naye, alipokata pumzi wao walinyamaza, alipoanza tena waliruka juu. Hata alipofika kwenye neno la mwisho, maana alifika, aliisema sentensi yote mpaka "acheni", hakuna aliyeisikia. Hata yeye mwenyewe hakuisikia. Radi alikuja mbio, jasho linamtoka, akamkumbatia, akauinua mkono wake juu kama wa bondia aliyeshinda. Mama alikuwa amesimama anapiga makofi, machozi yakimtoka chini ya miwani.

Picha ile ya mkono juu ilichapishwa kila mahali. Dada na kaka, watu waliandika, damu nzito kuliko maji. Onyesho zima lilirekodiwa likauzwa, na wanaoujua muziki huo wanasema toleo la uwanjani ni bora kuliko la albamu, kwa sababu lina uhai.

Mwezi haukuisha, Fundi Koili alifunga karakana. Vifaa vyake aliviacha kwa fundi viatu, ambaye hakuwa na kazi navyo. Mzee akambebea begi mpaka kituoni na kusimama naye mpaka gari lilipokuja. Alihamia mji mwingine, akapata kazi katika kiwanda cha pampu, kwenye meza ndefu ya wasuka koili ishirini. Radi alimtafuta. Walikuwa wanaandaa albamu ya pili na haikuwa inakaa sawa. Mama naye alipiga simu, mwanzo akilaumu, baadaye akilia. Alibadilisha namba.

Kiwandani alikaa wiki tatu bila kusema neno, akijibu kwa kichwa na vidole, na wenzake wakamdhania bubu, wakawa wema kwake. Wiki ya nne msimamizi mpya, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, alipita meza kwa meza akiuliza kila mtu majina ya wazazi wake kwa ajili ya fomu. Akafika kwake.

"Jina la baba?"

Aliweka waya chini. Akavuta pumzi, aanze na "Baba yangu anaitwa".

"Ba... ba-ba-ba-ba-ba-ba..."

Meza nzima ilicheka. Mmoja akagonga koleo kwenye chuma. Msimamizi aliinua kalamu, uso umemkunjamana.

"Nyamazeni! Na wewe, huna haya? Mtu mzima kuigiza ulemavu wa watu kwa sababu ya wimbo? Mpwa wangu ana kigugumizi, nyie hamjui wimbo ule unavyomtesa shuleni."

Fundi Koili alitikisa kichwa. Akaonyesha mdomo wake. Akajaribu tena, na kwa kuwa sasa wote walikuwa wanamtazama, ilitoka saba, kimya, tatu, sahihi kabisa.

"Basi!" Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi yake, akakipigia mstari. "Onyo la kwanza. Ukirudia, utaenda kuufanyia mzaha wako nje ya geti."

Akaenda meza inayofuata. Fundi Koili aliutazama mgongo wake mpaka ukaishia nyuma ya maboksi, kisha akautafuta waya ulipokuwa umeishia. Alikuwa amesahau idadi. Akafungua mizunguko yote, akaanza kuhesabu upya, kimoyomoyo, ambako hajawahi kukwama.